Mtoto wa paka aliyekataa kunyonya: jinsi nilivyomsaidia

Mtoto mchanga wa paka aliyefiwa na mama yake akikataa chupa, mguse kwanza tumbo na nyayo. Huyu wangu alikuwa wa baridi hata ndani ya mdomo, na shida ilikuwa hapo: katika umri huo hawezi kujipasha joto mwenyewe, na akipoa tumbo lake halisagi maziwa. Kumlisha hivyo ni hatari. Nikaweka chupa kando, nikamkumbatia kifuani ndani ya nguo, kisha nikamlaza kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, upande mmoja tu, ili aweze kusogea joto likimzidi. Alipopata joto akaanza kutafuta chuchu mwenyewe. Nilifurahi mno!

Maziwa yawe yale maalumu ya watoto wa paka; ya ng'ombe humharisha. Anyonye akiwa kifudifudi, kamwe si chali, yasije yakaingia mapafuni. Wiki ya kwanza ni kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku pia. Akishashiba, msugue taratibu chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwani bado hawezi kukojoa bila kusaidiwa. Mizani ya jikoni ndiyo iliyonituliza moyo: uzito ukawa unapanda gramu 10 hadi 15 kwa siku.