Pishi, Kikombe na Mizani ya Jikoni

Mama yangu hakuwahi kumiliki mizani. Alikuwa na kibaba cha bati kilichobonyea upande mmoja, nacho kilimtosha kwa mchele wa pilau, kwa unga wa mandazi na hata kwa zaka ya fitri, kwa kuwa vibaba vinne ni pishi, na pishi ndiyo inayotolewa kwa kila mtu wa nyumbani. Mimi hununua mchele kwa kilo, kwa hiyo kila Ramadhani husikiliza masheikh wakitaja kilo mbili na nusu, wengine kilo tatu, na kwa miaka mingi nilidhani huo ni ubishi mtupu. Kumbe pishi ni kipimo cha ujazo, na ujazo ule ule wa tende, wa shayiri na wa mchele hauwezi kuwa na uzito mmoja.

Jambo hilo lilinifika tena kwenye keki. Maelezo niliyoyafuata yalikuwa ya Kimarekani, na kikombe cha Kimarekani huchukua mililita 237 hivi: kikijaa maji ni gramu 237, kikijaa sukari nyeupe ni gramu 200, asali hufikia gramu 340, ilhali unga wa ngano ni gramu 120 au 125 tu. Ndiyo maana robo kilo tunayofungiwa dukani ni vikombe viwili vya unga, lakini ni kikombe kimoja na robo cha sukari.

Unga ndio msumbufu kuliko vyote. Nilipokididimiza kikombe ndani ya mfuko, nikachota na kukisawazisha, mizani ilisoma gramu 150. Nilipouchekecha unga ule ule, nikaujaza kwa kijiko bila kuushindilia, ilisoma 120. Kwa vikombe vitatu hiyo ni tofauti ya gramu 90, yaani robo tatu ya kikombe, na keki yangu ya kwanza, iliyopasuka juu na kukauka ndani, ilionyesha wazi gramu hizo zilikwenda wapi.

Tangu hapo unga naupima kwa gramu. Hamira na iliki nimeziacha kwenye kijiko, kwa sababu mizani ya kawaida ya jikoni haiaminiki kwa gramu mbili au tatu. Ila ujue kwamba kijiko cha mezani ni mililita 15 kwa wengi, na kwa Waaustralia ni 20.

Ramadhani iliyopita nilikipima kibaba cha mama. Mchele uliosawazishwa kwa kiganja ulikuwa gramu 640, kwa hiyo pishi yake ni kilo mbili na nusu na ushei. Nilimwonyesha namba kwa furaha. Aliitazama kidogo, kisha akaniuliza kama nina hakika mizani yangu ni nzima.