Samaki wa chini wanaoweza kuishi na mbuna: uzoefu wangu

Tangi ninalolizungumzia ni la kioo, la kufugia samaki nyumbani, lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Kabla ya kuweka mawe na mchanga hiyo ni takriban lita 240. Wenyeji wake ni mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa: Labidochromis caeruleus wa njano, Maylandia estherae, na Melanochromis auratus, ambaye dume lake likishapata jiwe lake hufukuza kila anayepita, mdogo kwa mkubwa. Nilitaka samaki wa kuishi chini bila kugeuzwa ngoma.

Kuna dhana moja ya kuiondoa mapema. Watu hununua samaki wa chini wakidhani wamepata mfagiaji. Hakuna hata mmoja anayekula kinyesi cha wenzake. Anakula mabaki ya chakula, naye anaongeza kinyesi chake. Kama amonia au naitriti, sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki, zinaonekana kwenye kipimo, ongeza nguvu ya kichujio na ubadilishe maji kwanza, maana samaki mpya atazidisha tatizo.

Katika kuchagua niliangalia mambo matatu: je, anaweza kumezwa, je, anapenda maji yaleyale, na je, anakula saa ileile na mbuna? Hilo la tatu ndilo wengi hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Ugomvi wa mbuna ni wa mchana. Taa ikizimwa kila mmoja huingia mwambani mwake. Samaki anayeamka wakati huo hagombani na mtu.

Corydoras, kambare wadogo wa Amerika Kusini, niliwaacha mapema. Wanataka maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, kuliko haya ya mbuna, na kila mara hupanda juu kuchukua hewa, hivyo hulazimika kupita katikati ya maadui kwenda na kurudi. Mbuna huwadonoa macho na sharubu. Penye Oscar au samaki mwingine mwenye mdomo mpana hali ni mbaya zaidi: Corydoras akibanwa husimamisha miiba ya mapezi na kuikaza isikunjike, basi anakwama kooni na wanakufa wote wawili. Pleko wa kawaida, kambare mla-mwani anayenyonya kioo kwa mdomo, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole huvuka sentimita 30 akikua, na tangi hili halimtoshi. Yule mla-mwani wa Kichina ni mpole akiwa mdogo tu. Akikua hujibandika ubavuni mwa wenzake na kula utelezi wa ngozi yao.

Waliobaki ni kambare wa jamii ya Synodontis, ndugu wa wale ambao Kanda ya Ziwa huitwa gogogo. Lakini jamii hiyo ni kubwa, na jina peke yake halitoshi. Synodontis nigriventris, anayeogelea kichwachini, ni wa mito ya Kongo yenye maji laini, tena mdogo na mnyonge. Synodontis eupterus hufika sentimita 20 na zaidi, na akizeeka huwa mbabe wa mapango. Nilichagua Synodontis lucipinnis wa Ziwa Tanganyika, ambaye madukani mara nyingi huitwa petricola. Hukomea karibu sentimita 10, ana mfupa mgumu kichwani, miiba mitatu imara, na amezoea maji magumu yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya juu, yaani yasiyo na uchachu. Maji yangu nayashikilia kwenye pH 7.8 hadi 8.4 na joto la nyuzi 25 au 26, na hayo yanawafaa wote.

Kupandisha pH nilitumia maganda ya kombe yaliyosagwa, yale yanayouzwa kwa chakula cha kuku. Nusu kilo iliyooshwa hadi maji yatoke safi, ikafungwa kwenye soksi ya nailoni, ikawekwa ndani ya kichujio. Huyeyuka polepole, kwa hiyo pH haipandi ghafla.

Niliweka watano. Mmoja peke yake hujificha hadi anakonda, na wawili huishia mmoja kumwonea mwenzake. Wakiwa kundi hujiamini, na hata mchana utawaona wakitoa vichwa mapangoni. Pamoja nao nina Ancistrus mmoja, pleko mdogo wa sentimita 12 hivi, kwa ajili ya mwani kwenye kioo. Madume wawili wangegombea pango. Kwao ni mito ya maji laini, kwa hiyo alipofika nilimzoesha kwa mpira mwembamba wa hewa uliofungwa fundo, ukidondosha maji ya tangi kwenye ndoo matone mawili au matatu kwa sekunde, hadi maji ya ndoo yake yakawa maradufu.

Mapango ndiyo kazi yenyewe. Mawe makubwa yalale juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga. Mbuna ni wachimbaji. Wakiondoa mchanga chini ya jiwe, jiwe linaporomoka na kioo kinapasuka. Weka mawe kwanza, mchanga ufuate, sentimita 3 hadi 5, wenye chembe za mviringo. Kokoto zenye makali hukata sharubu za kambare, na jeraha hilo huingia fangasi. Katikati ya mawe nilificha vipande vya bomba la maji la plastiki la inchi 2, kila kimoja sentimita 15, kingo zimepigwa msasa. Viwe vingi kuliko kambare: kwa watano niliweka vinane. Kila kipande kiwe wazi pande zote mbili, ili anayefukuzwa apate pa kutokea.

Kuwaingiza ni jambo la jioni. Kwanza watengwe kwenye tangi lingine wiki tatu au nne, ukiangalia madoa meupe na matumbo yaliyobonyea. Siku yenyewe nilihamisha mawe ili kila mbuna apoteze mipaka yake, nikawalisha washibe, nikazima taa, ndipo nikawaachia kambare wote kwa pamoja. Kufikia asubuhi mbuna walikuwa wanagawana viwanja upya na wageni walikwisha kuingia mabombani.

Chakula kinahitaji nidhamu. Mbuna wengi wana utumbo mrefu wa kusaga mwani, na wakijazwa vyakula vya nyama kama minyoo myekundu huvimba tumbo, hukataa kula, hutoa kinyesi cheupe kama uzi, na wengi hufa. Kambare nao wanahitaji protini. Basi mchana mbuna wanapata chakula chenye spirulina, aina ya mwani, kiasi wanachomaliza kwa dakika moja au mbili. Nusu saa baada ya taa kuzimwa nadondosha tembe za kuzama, mbili kwa kila kambare, karibu na midomo ya mabomba. Zikibaki hadi asubuhi nazivuta kwa mpira na kupunguza zinazofuata.

Dalili za mambo kuharibika ni rahisi kuziona. Kambare anayezunguka kiooni mchana kweupe hana pango. Mwenye tumbo lililobonyea hafikiwi na chakula. Pezi la mkia likichanika kila wiki, mtafute dume mmoja anayefanya hivyo na umtoe yeye, kwa sababu ukimtoa aliyeumizwa, dume atageukia mwingine. Ukitibu ugonjwa, jihadhari na dawa zenye shaba. Kambare hawana magamba na huzidiwa nazo kabla ya mbuna.

Kama unazalisha mbuna, usimchukue Synodontis multipunctatus, hata akikuvutia kwa madoa yake. Hutaga mayai yake wakati mbuna wanataga, jike la mbuna huyaokota mdomoni pamoja na yake, kisha vifaranga vya kambare huanguliwa mapema na kula wenzao humohumo. Na kambare yeyote wa jamii hii usimkamate kwa kimia: miiba hunasa kwenye nyuzi na utalazimika kukata wavu. Msukumie ndani ya chombo cha plastiki, au toa bomba akiwa bado ndani, viganja vikiziba pande zote mbili.