Kasi ya upigaji katika kriketi: hesabu ni nyepesi, mipira ndiyo ya kuangaliwa

Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi, ambaye katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa siku mbili kabla hakupata hata zamu ya kupiga, aliifungia timu yake mikimbio (yaani alama) 102 kwa mipira 40 dhidi ya Sri Lanka. Mia alizifikisha kwenye mpira wa 37, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2014. Wengi hukumbuka hiyo 37, lakini kwa hesabu ya kasi tunaihitaji 40.

Kasi hupatikana hivi: mikimbio ya mpigaji hugawanywa kwa mipira aliyoikabili, kisha jibu likazidishwa kwa 100. Kwa Afridi, 102 kwa 40 ni 2.55, na kasi yake ni 255. Haijalishi kama ametolewa au la; hilo ni suala la wastani, yaani mikimbio kwa kila mara aliyotolewa, ambao watu huuchanganya na kasi kila mara.

Penye mtego ni mipira. Mpira uliopita mbali mno na mpigaji, ambao mwamuzi huutolea mkimbio wa bure kwa kunyoosha mikono yote miwili, hauandikwi kuwa ameukabili. Nobolu, yaani mpira uliorushwa kinyume cha sheria, huandikwa, ijapokuwa haumo katika mipira sita inayounda ova moja. Mpira ukimgonga mpigaji mguuni, naye na mwenzake wakakimbia, mpira ni wake ila mkimbio ni wa timu. Kwa hiyo soma safu ya mipira kwenye kadi ya matokeo, usikisie kwa kuhesabu ova.

Nami siipi uzito kasi ya mipira michache: anayekabili mpira mmoja na kuupatia mikimbio sita ana kasi ya 600.

Kasi hupimwa pia kwa kazi iliyopo. Katika uwanja wa Lord's jijini London, tarehe 7 Juni 1975, India ilihitaji mikimbio 335 kwa ova 60, yaani kasi ya timu ya takriban 93. Sunil Gavaskar alifungua upigaji, akabaki hadi mwisho na mikimbio 36 kwa mipira 174, kasi ya 20.69. Katika mechi ya siku tano, ukaidi wa namna hiyo huweza kuiokoa timu; siku ile India ilimaliza ova zake wapigaji watatu tu wakiwa wametolewa, ikashindwa na Uingereza kwa mikimbio 202.