Kiunganishi kimoja chatosha

Jamani hii lojiki yanipendeza mno, juzi barazani hapa Langoni nilikuwa namuonyesha mdogo wangu wa fomu foo kwamba "na" na "au" peke yake hazitoshi kuunda kila aina ya sentensi ya lojiki, sababu ukizipa sentensi za kweli tupu jibu ni kweli tu, uzipange utakavyo uongo hupati, kwa hivyo lazima uongeze "si".

Sasa chukua "wala", ambayo ni kweli pale tu sentensi zote mbili inazoziunganisha ni uongo. A iwe "maji yamejaa", B iwe "boti ya Mokowe imeondoka". A wala A? Hiyo tayari ni "maji hayajajaa", "si" ishapatikana! (A wala B) wala (A wala B) yakupa "au", na (A wala A) wala (B wala B) ndiyo "na" yenyewe, hebu jaribu kwa kalamu uone. Raha kweli.

Mwanalojiki Henry Sheffer alichapisha haya 1913, kwamba kiunganishi kimoja chatosha, ingawa mwanafalsafa Charles Peirce alishayaona karibu 1880 akayaacha tu kwenye makaratasi yake. Na kompyuta ya Apollo iliyowafikisha watu mwezini 1969, lojiki yake ilijengwa kwa geti (sakiti ndogo zinazopokea ishara za kweli au uongo na kutoa jibu) za "wala" tu, kila moja ina njia tatu za kuingizia.