Bangili za Idd pili

Kazi yangu ni kuvisha watu bangili. Nakaa getini kwenye bustani ya michezo hapa ufukweni Mwanza, ile yenye bembea, treni ya watoto na mitelezo inayokumwaga bwawani, na kila aliyelipa namfunga kikanda cha plastiki mkononi. Jumamosi cha njano, Jumapili cha bluu, sikukuu chekundu. Kikishabana hakifunguki, labda ukate kwa mkasi au kwa meno. Ndiyo makusudi yenyewe, usije ukakivua ukampa shemeji yako naye aingie bure.

Tangu Januari nasoma kozi ya jioni ya uendelevu wa mazingira. Nisiwadanganye, nilikwenda kuomba hoteli na utalii, nikaambiwa darasa limejaa, na ada nilikuwa nimeshaikopa. Jumanne na Alhamisi natoka kazini saa kumi jioni nanuka klorini, napanda daladala, nakaa nyuma. Wenzangu wengi wanatoka halmashauri na viwanda vya samaki. Siku ya kujitambulisha nikasema nipo kwenye mabembea, darasa zima likacheka. Madam hakucheka. Alisema, "Vizuri. Wewe taka zako zinahesabika."

Kazi ya kwanza aliyotupa ilikuwa moja tu: chagua kitu kimoja kinachotoka mahali unapofanya kazi, kifuate mpaka mwisho wake. Wa viwandani wakachukua maji ya kuoshea minofu ya sangara. Mimi nikachukua vikanda, kwa uvivu. Vinapita mikononi mwangu, vinaishia kwenye pipa, nusu ukurasa, nimemaliza.

Basi nikahesabu Idd pili. Usipouona ufukwe huu Idd pili hujaiona Mwanza. Watoto wanashuka kutoka Mabatini, Igogo, Kirumba, nguo mpya, miwani ya plastiki, saa za kuchezea zisizotembea, na hela ya sikukuu imekunjwa mpaka imelowa jasho. Foleni ya bembea inazunguka hadi vyooni. Siku hiyo nilifunga vikanda 640. Jioni, mimi na kaka wa usafi tukamulika kwa tochi za simu na kuokota. Kwenye mapipa 212. Bwawani na chini ya mitelezo 97. Mchangani 38. Vilivyobaki, 293, havikuwepo. Kaka wa usafi akasema vimeenda nyumbani. Nikaandika "nyumbani", nikaona kama nimedanganya.

Wiki hiyohiyo nikapita mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, kununua dagaa. Kuna bibi mmoja pale ninayemwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, anaanika kwenye vichanja, si kwenye mchanga, kwa hiyo dagaa wake hawakwaruzi meno. Akanipimia, akaniangalia fulana ya kazini, akaingiza mkono chini ya kichanja na kutoa vikanda vitatu, viwili vyekundu na kimoja cha bluu.

"Ng'wanawane, mwanangu, hizi bangili zenu hatuzili."

Huja na nyavu, akasema. Usiku wa giza wavuvi wakirudi na dagaa, humo ndani hutoka vizibo vya soda, mirija, vipande vya maputo na bangili. Yeye hukaa anachambua. Sikuwa na la kujibu. Nikalipa, hata kuomba nyongeza nikashindwa.

Alhamisi yake, kama vile Madam alikuwepo pale mwaloni, somo likawa ziwa lenyewe. Nimezaliwa hapa nikidhani maji ya Ziwa Victoria yanaletwa na mito. Kumbe sehemu kubwa ni mvua inayolidondokea lenyewe, na sehemu kubwa huondoka kwa kupaa na jua. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja, Uganda. Madam akachora duara ubaoni, akaweka kijimlango kimoja juu, akauliza, "Plastiki inapaa na jua?" Nikakumbuka vile vikanda 293.

Tena plastiki hii yetu ni ya kujificha. Mifuko ilipopigwa marufuku Juni 2019 tuliona tumemaliza, na kweli kwenye mitaro tofauti unaiona. Lakini kikanda si mfuko. Hakuna askari atakayekusimamisha kwa sababu ya bangili.

Kozi hii inakuharibia starehe. Nilipojifunza kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zisiwe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kesho yake nilijikuta natembea kutoka majini kuelekea bembea kubwa huku nahesabu hatua kimoyomoyo. Niliacha kuhesabu kabla sijafika. Mlinzi wetu wa zamani aliniona, akaniambia nisihangaike, ziwa lilishapima lenyewe: mwaka 2020 lilipojaa, maji yalifika kwenye kibanda cha tiketi, hapo ninapokaa.

Halafu kuna hili la bwawa. Wageni huniuliza kila wiki, "Dada, tulipie bwawa na ziwa hilo hapo?" Nawaambia kichocho. Kinakaa kwenye konokono wa kando kando, penye majani, na kinafika huko kwa sababu vinyesi vyetu vinafika huko, mvua inavikokota kutoka milimani mpaka mto Mirongo na kutoka Mirongo mpaka ziwani. Kwa hiyo tunachafua ziwa hatuwezi kuoga, tunachota maji ya ziwa hilohilo pale Capri Point, yanasafishwa, tunauziwa, tunayatia klorini juu ya klorini, tunamwogesha mtoto kwa kiingilio. Na Jumatatu fundi wa pampu akiosha kichujio, maji yale yanatoka kwa bomba la nyuma kwenda... nilimwuliza. Alinyoosha kidole tu.

Nilipompelekea bosi rasimu alisoma akiwa amesimama. Ni mtu mwema, ada ya muhula wa pili amenikopesha yeye. Alifika kwenye lile bomba, akanirudishia karatasi. "Andika bangili. Bomba usiandike kwanza." Nikamwuliza kwanza mpaka lini, mzee? Akasema mpaka apate hela ya shimo la maji hayo.

Kwa hiyo tukashughulikia bangili. Tulijaribu muhuri wa wino. Bwawa liliufuta kwa nusu saa, na vijana wakagundua kuwa ukiugandamiza kwenye mkono wa rafiki ungali mbichi, mnaingia wawili. Wikendi moja tu, bosi akapiga stop. Tukaweka ndoo na mkasi pale mlangoni, unarudisha kikanda unapewa pipi. Wazazi walifurahi, watoto walilia. Hilo sikulitegemea. Binti mmoja wa kama miaka saba alificha mkono nyuma, akaniambia kwa hasira kwamba Jumatatu lazima aende nacho shule, la sivyo nani ataamini kwamba alikuja? Nikamwacha. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa na kitambulisho cha semina shingoni mpaka kwenye daladala.

Ndoo bado ipo. Jumapili nzuri inarudisha nusu, na Madam alinipa B. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: "Na maji?"

Jumamosi iliyopita nikampelekea mayu habari kwamba tunavikusanya sasa. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma. Kichanja chake kipya, wavu umefungwa kwenye miti kwa vikanda vyetu, vyekundu, njano, bluu, fundo kwa fundo, vimekazwa kuliko nivifungavyo mimi. Kamba ya katani inaoza, akasema, hizi haziozi kwa mvua wala jua. Kisha akaniuliza kama naweza kumletea ndoo nzima.

Jedwali langu lina safu tatu: vilivyookotwa, vilivyorudishwa, vilivyopotea. Nimekaa nalo tangu Jumamosi, vya mayu sijajua niviandike wapi. Ndoo nimempelekea.