Risiva haikuwa mbovu

Mafundi watatu waliniambia risiva yangu, ile mashine ya kukuzia sauti ya muziki, imekufa. Wa kwanza alisema trafo imechoka. Wa pili akasema transista za kutolea sauti. Wa tatu hata hakuifungua, aliinyanyua tu kama mtu anayepima kuku sokoni, akaniambia, "Kaka, hii uza vipuri." Leo ni mwaka wa pili inaimba sebuleni kwangu Mbagala, na hakuna kipuri hata kimoja kilichobadilishwa.

Ni mtumba wa Dubai, niliichukua Kariakoo kwa laki na themanini na kitu. Spika ni nne za gari, zile za umbo la yai, inchi 6 kwa 9, nilizichomoa kwenye gari la shemeji kabla hajaliuza (anajua, tumeshayamaliza). Seremala akanipigia maboksi mawili, kila boksi spika mbili. Nikafunga kama mtaa mzima unavyofunga: nyekundu zote pamoja, nyeusi zote pamoja, nikawasha.

Kwa sauti ya taarifa ya habari, safi kabisa. Ukipandisha, besi ikigonga mara tatu nne, unasikia "tak!" tumboni mwa risiva, kisha kimya. Zima, subiri, washa, tak! Mkesha wa Idi ilinitia aibu hivyo mbele ya wageni, mpaka mjomba akasema jamani wekeni hata simu ndani ya kikombe.

Jibu lilikuwa limeandikwa mgongoni mwa risiva muda wote, pale pa kuchomekea waya: spika za omu 6 hadi 16 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia umeme). Na nyuma ya sumaku ya kila spika: omu 4. Spika za gari hupewa omu ndogo kwa sababu gari lina volti 12 tu, kwa hiyo ukinzani ukipungua ndipo spika inapata umeme wa kutosha. Mimi nilizifunga sambamba, umeme ukapata njia mbili kwa mpigo, 4 na 4 zikawa 2. Risiva ikakuta njia nyeupe, ikamwaga umeme kupita uwezo wake, ikajikata ili isiungue. Ilikuwa inajiokoa, sisi tunaisomea hitma.

Hapo ndipo ujuaji ukanipanda. Nikajiambia, kama zimepungua omu 4, si naziongeza? Nikanunua rezista (vidude vya kuzuia umeme) mbili nyeupe za saruji, omu 4, wati 5, hazikufika elfu tatu. Nikaunga moja kila upande. Mbili na nne ni sita, hesabu haina kosa. Risiva haikukata! Nikaita watu waje wasikie. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtu mwenye mafua, lakini haikatiki, na mimi natembea sebuleni mabega juu. Baada ya nyimbo mbili mama watoto akauliza nani anaunguza pasi. Moja ya zile rezista ilikuwa imelalia kitambaa chake cha kufuma, kile cha kufunikia risiva, na imekitoboa tundu la rangi ya kahawia, mviringo mzuri tu. Sehemu mbili ya tatu ya nguvu ilikuwa inaishia kwenye rezista. Nilikuwa nimetengeneza jiko.

Na kitambaa chenyewe kilikuwa kimeziba matundu ya kupumulia. Kitoeni, akina mama mtusamehe.

Dawa ilikuwa waya mmoja mfupi. Nyekundu ya risiva iende chanya ya spika ya kwanza, hasi yake iende chanya ya spika ya pili, hasi ya pili irudi nyeusi. Mfululizo: 4 na 4 ni 8. Ziwe spika pacha lakini, usichanganye kubwa na ndogo. Ukipima kwa mita ya omu usishtuke kuona 3 na pointi badala ya 4, mita inasoma waya wa ndani tu, haijui mambo ya muziki. Mimi nilimrudishia muuzaji mita nikidai ni mbovu.

Boksi la kushoto likanguruma. La kulia, besi hakuna. Nilikuwa nimeunga hasi kwa hasi, koni moja (ile karatasi ya mbele ya spika inayotikisika) inasukuma hewa huku mwenzake anaivuta. Nilichukua betri ya rimoti, nikagusisha waya za boksi kidogo tu, huku vidole viko juu ya koni: moja ikaruka nje, nyingine ikazama ndani. Nikageuza, zote zikaruka nje. Chanya nimezitia alama kwa rangi ya kucha, ambayo pia sikuomba.

Kitufe cha sauti sasa nakipandisha zaidi kidogo kuliko zamani, basi. Swichi ya spika B, yaani ya jozi ya pili ya spika, nimeibandika selotepu, maana mtoto aliwahi kuiwasha nikiwa nimeweka jozi nyingine jikoni, omu zikashuka tena, tak!