Swali lisilo na alama

Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno pale kauli inapogeuka kuwa swali. "Umeshalipa ukumbi" inaweza kuwa taarifa au swali, na mzungumzaji hutofautisha mambo hayo mawili kwa kiimbo tu. Kwenye ujumbe wa simu kiimbo hakipo, na kwa kuwa wengi wetu huandika kwa haraka bila kuweka alama yoyote, msomaji hulazimika kujitungia sauti ya mwandishi kichwani mwake.

Katika kundi moja la WhatsApp la kamati ya harusi, mjumbe alimwandikia mhazini hivi: "Dada pesa ya ukumbi umelipia mapambo". Alikuwa anauliza. Mhazini alisoma shutuma, tena mbele ya ndugu wa pande zote mbili, akaanza kubandika picha za risiti moja baada ya nyingine, na kikao cha jioni ile kikaishia katika kusuluhisha watu badala ya kupanga chakula.

Alama ya kuuliza ingesaidia, ingawa mimi naipa "je" nafasi ya kwanza. Alama huja mwishoni, wakati msomaji mwepesi wa hasira ameshakasirika, na arifa ya simu mara nyingi huonyesha maneno ya mwanzo tu. Lakini "Je, dada, pesa ya ukumbi..." inajulikana kuwa swali kabla haijamalizika.

Mtego mwingine ni swali la kukanusha. Mtu akiulizwa "Hujapokea mchango wangu?" akajibu "Ndiyo", kwa desturi yetu anakubali kwamba hajapokea, lakini aliyetuma anaweza kuelewa kwamba umefika, hasa jibu linapotokea chini ya jumbe nyingine kumi. "Ndiyo, sijaupokea" haichoshi vidole.

Mwaka 1982 Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza alama :-) itumike kuonyesha kwamba ujumbe ni mzaha. Kwa mzaha inafaa. Kwenye swali la fedha, uso unaocheka huongeza chumvi kwenye kidonda, kwa maana anayeulizwa huona kwamba anatuhumiwa na kuchekwa kwa pamoja.

Ndiyo maana mambo ya michango huwa nampigia mhazini kwanza, kisha naandika kundini tulichokubaliana, pamoja na kiasi na tarehe.